Muziki wa kantri Marekani: Faida inavyoishia barabarani

KILA mwaka ifikapo Agosti, mji wa Des Moines katika jimbo la Iowa nchini Marekani hufurika wakulima. Maonyesho ya kilimo ya jimbo hilo, yaliyoanza mwaka 1854, huchukua siku 11 na huvuta zaidi ya watu milioni moja. Kuna ng'ombe na nguruwe wa kushindanishwa, kuna mahindi, kuna matrekta mapya, na kuna sanamu ya ng'ombe iliyofinyangwa kwa siagi. Mtu aliyezoea Nane Nane ya Morogoro au maonyesho ya ASK kule Nakuru hatajiona mgeni sana.

Palipo na wakulima wengi kiasi hicho hapakosi muziki. Kwenye jukwaa kuu, ambako watu hukata tiketi, huletwa wasanii wenye majina. Kwenye majukwaa madogo ya bure, ambayo hulipiwa na waandaaji ili wageni wasiondoke mapema, hupanda watu ambao majina yao hayajulikani mbali. Baadhi yao ni wawili tu: gitaa na banjo, au gitaa mbili, na sauti mbili zilizozoeana. Wamefika kwa gari lao wenyewe. Wakimaliza kuimba wanashuka na kusimama nyuma ya meza kuuza fulana na CD zao, kisha wanapakia vyombo na kuendesha usiku kucha kuelekea mji mwingine.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyekulia na nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton redioni anaweza kudhani kantri ni kazi ya matajiri wenye kofia kubwa. Wapo wa namna hiyo, lakini ni wachache. Wengi wanaoishi kwa muziki huo ni wafanyabiashara wadogo, na daftari lao la hesabu linafanana zaidi na la mwenye Fuso anayebeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam kuliko la nyota wa televisheni.

Mfano wa nyanya una sababu. Bidhaa anayouza mwanamuziki wa ziara ni kiti cha usiku mmoja. Kiti ambacho hakikuuzwa Ijumaa hakiwezi kuwekwa ghalani kikauzwa Jumamosi. Mahindi yanasubiri bei ipande, maharage yanasubiri, hata mbuzi anasubiri. Nyanya, maziwa na onyesho la muziki havisubiri. Kwa hiyo muuzaji huenda sokoni akiwa dhaifu, na kila aliyeko kati yake na mlaji anaujua udhaifu huo.

Hesabu ya safari moja

Ili kuona fedha inavyokwenda, chukua mfano wa kufikirika wa wanamuziki wawili wanaoishi Nashville, jimbo la Tennessee, mji ambao ndio makao makuu ya biashara ya kantri. Wameitwa kuimba Des Moines kwa dola 1,500. Kutoka Nashville hadi Des Moines kwa barabara ni kama maili 660, yaani zaidi ya kilomita 1,000. Kwenda na kurudi ni maili 1,320.

Mamlaka ya mapato ya Marekani kwa mwaka 2025 ilikubali senti 70 za dola kwa kila maili kuwa gharama ya kutumia gari binafsi kikazi. Ndani ya senti hizo 70 mna mafuta, matairi, vipuri, bima na uchakavu wa gari lenyewe. Safari hiyo basi ina gharama ya gari ya dola 924. Wakala aliyetafuta kazi anachukua asilimia 10, dola 150. Malazi ya siku mbili kwa dola 100 kila usiku ni dola 200. Chakula cha watu wawili kwa siku tatu, kila mmoja dola 40 kwa siku, ni dola 240. Jumla ni dola 1,514. Wamelipwa 1,500. Wamerudi nyumbani na hasara ya dola 14, na bado hawajajilipa mshahara hata senti moja.

Jambo la hatari ni kwamba wenyewe wanaweza wasiione hasara hiyo. Gari lao likitumia galoni moja kwa maili 25, mafuta ya safari nzima, kwa bei ya mwaka 2025 ya dola tatu na kidogo kwa galoni, ni takriban dola 165. Hiyo ndiyo fedha iliyotoka mfukoni barabarani. Wakihesabu hiyo peke yake wataona wamebaki na dola 745 na watakunywa bia kwa furaha. Zile dola nyingine zaidi ya 750 zitadaiwa baadaye, siku gia itakapogoma au siku gari litakapouzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwenye bodaboda asiyetenga fedha ya tairi na injini yumo katika ugonjwa uleule, na mkulima anayesema shamba lake halina gharama kwa kuwa analima na watoto wake yumo pia.

Sasa wakala akiwa mtu anayejua kazi, hawaachi waende Iowa kwa onyesho moja. Njiani kuna Paducah, mji wa Kentucky, na mbele yake St. Louis. Anawatafutia ukumbi mdogo katika kila mji, dola 400 kila mmoja. Mapato yanapanda hadi dola 2,300. Umbali ni uleule, dola 924. Wakala anapata 230, malazi ya siku tatu ni 300, chakula cha siku nne ni 320. Matumizi ni dola 1,774, na kinachobaki ni 526. Kila mmoja anapata dola 263 kwa siku nne za kazi.

Ongeza meza ya fulana. Wakiuza vitu 40 kwa dola 20 kila kimoja wanapata dola 800. Kama kuvitengeneza kuligharimu dola 300, faida ni 500. Angalia namba hizo mbili kwa pamoja: maonyesho matatu yameleta dola 526, na meza ya pembeni imeleta 500. Ndiyo maana mtu aliyetoka kuimba kwa saa moja na nusu kwenye jua la Agosti hakimbilii kivulini kupumzika. Anakimbilia mezani.

Kazi ya kupanga miji ifuatane vizuri ndiyo moyo wa biashara hii, na ni kazi ileile ya mwenye lori anayetafuta mzigo wa kurudi nao. Onyesho kubwa linalolipa vizuri huwekwa kwanza kama nguzo, halafu madogo hupangwa kabla na baada yake. Kinachovuruga mpango ni kifungu ambacho waandaaji wakubwa hupenda kukiweka katika mkataba: msanii haruhusiwi kuimba ndani ya umbali fulani kwa siku kadhaa kabla na baada ya maonyesho yao. Mwandaaji analinda soko lake, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini wanamuziki wasiosoma maandishi madogo hujikuta na siku tatu tupu katikati ya ziara, huku hoteli na chakula vikiendelea kudai.

Malipo yenyewe nayo yana sura nyingi. Yapo malipo ya uhakika, ambayo hutolewa watu waje wasije, mvua inyeshe isinyeshe. Maonyesho ya kilimo hupendwa kwa sababu hiyo. Upo mgao wa mlangoni, ambapo mwenye ukumbi hutoa kwanza gharama zake kisha kinachobaki kikagawanywa; huu ni sawa na kupeleka mzigo sokoni bila bei na kusubiri dalali akupigie simu jioni. Katikati kuna mkataba unaompa msanii kiwango cha chini au mgao, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Huo ndio mzuri, na ndio mgumu kuupata bila jina.

Mnunuzi mkubwa anapotoa pembejeo

Katika baadhi ya kumbi hata meza ya fulana haisalimiki. Mwenye ukumbi hudai asilimia 20 na wakati mwingine zaidi ya mauzo yote, kwa hoja kwamba wateja wameletwa na jengo lake. Kwa hesabu ya hapo juu, asilimia 20 ya dola 800 ni dola 160, na hutolewa kwenye mauzo kabla ya kuondoa gharama ya kutengeneza bidhaa. Faida ya 500 inashuka hadi 340. Yeyote aliyewahi kutozwa ushuru wa gulio kwa kuhesabiwa magunia badala ya faida anajua maumivu yake.

Kelele zilikuwa nyingi baada ya janga la Covid-19, kwa kuwa wasanii walirudi barabarani wakakuta kila kitu kimepanda. Juni 2022 wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola tano kwa galoni kwa mara ya kwanza katika historia, na dizeli ilikuwa juu zaidi. Septemba 2023 kampuni ya Live Nation, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya maonyesho ya muziki, ilitangaza mpango kwa kumbi ndogo inazoziendesha: kila msanii, mkuu na msindikizaji, angepewa dola 1,500 za mafuta na usafiri kwa kila onyesho juu ya malipo yake, na kampuni isingechukua chochote kwenye mauzo ya fulana. Mkongwe wa kantri Willie Nelson aliunga mkono mpango huo.

Kwa wawili wetu wa Nashville, dola 1,500 za mafuta zingekuwa sawa na kulipwa Des Moines mara mbili. Hata hivyo umoja wa wamiliki wa kumbi huru uliupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni kubwa inaweza kumudu kutoa fedha hizo kwa sababu inapata faida kwingineko, kwenye tiketi na viwanja vikubwa, na kwamba mwenye ukumbi mmoja wa watu 200 hawezi kushindana nayo. Wasanii wangehamia kwa mkubwa, wadogo wangefunga milango, na hapo angebaki mnunuzi mmoja.

Wakulima wa pamba na tumbaku wameiona hali hii zaidi ya mara moja. Kampuni inakuja na mbegu na dawa za mkopo nafuu, misimu miwili mitatu inanunua kwa bei nzuri, wanunuzi wadogo wanaondoka, na baada ya hapo bei inapangwa na aliyebaki. Hilo halina maana kwamba mwanamuziki akatae dola 1,500. Aliye na gari bovu na kodi ya nyumba hawezi kukataa. Lakini kumbi ndogo za Paducah ndizo zinazoifanya safari ya Des Moines iwe na faida, na zikifungwa, yule yule aliyefurahia mafuta ya bure atarudi kwenye hasara ya dola 14.

Unga wa Martha White

Suluhisho la zamani la gharama za barabarani lilitoka kwa wasaga nafaka. Lester Flatt na Earl Scruggs ni watu wawili ambao bila wao muziki wa banjo usingekuwa ulivyo leo. Flatt alizaliwa Tennessee mwaka 1914, Scruggs kwenye familia ya wakulima North Carolina mwaka 1924. Wote walipata kufanya kazi viwanda vya nguo kabla ya muziki. Walikutana katika bendi ya Bill Monroe, wakaondoka mwaka 1948 kwa uchovu wa safari na ujira mdogo, na muda si mrefu wakaanzisha kundi lao.

Mwaka 1953 walipata mdhamini, kampuni ya unga wa ngano ya Martha White ya Nashville. Kampuni hiyo ilikuwa ikiuza unga uliokwisha kuchanganywa na dawa ya kuumulia, ambao mama wa shambani akiongeza maziwa na mafuta anapata mikate midogo ya asubuhi. Soko lake lilikuwa familia za vijijini Kusini mwa Marekani, watu wale wale waliokuwa wakisikiliza kantri. Flatt na Scruggs wakapewa kipindi cha alfajiri katika redio ya WSM, wakati wakulima wanakamua ng'ombe na wake zao wako jikoni. Mwaka 1955 wakaingia katika kipindi maarufu cha Grand Ole Opry. Kisha ikaja televisheni, na kwa kuwa siku hizo kurekodi picha kulikuwa bado hakujaenea, ilibidi wafike wenyewe katika kila kituo kila wiki, mji baada ya mji, maelfu ya kilomita, na usiku waimbe kwenye shule au jumba la sinema la mji huo. Basi lao lilibeba jina la unga ubavuni.

Kiuchumi mpango ulikuwa hivi. Msaga unga alilipa gharama ya kudumu, yaani redio, televisheni na sehemu ya safari. Wanamuziki walipata fedha ya mlangoni jioni kama nyongeza. Kipindi cha alfajiri kilitangaza unga, lakini pia kilitangaza onyesho la usiku, hivyo tangazo moja liliuza bidhaa mbili. Unga nao ulipata wachuuzi ambao wateja waliwapenda kuliko mchuuzi yeyote wa kawaida. Desemba 1962 walipoimba Carnegie Hall, ukumbi wa wasomi na matajiri wa New York, watazamaji walipiga kelele kutaka wimbo wa tangazo la unga. Wakauimba.

Kuna mtu wa tatu ambaye mara nyingi husahaulika. Louise Scruggs, mke wa Earl, alishika kazi ya kupanga maonyesho na kusimamia hesabu katikati ya miaka ya 1950, wakati ambapo wanawake karibu hawakuwepo katika kazi hiyo. Ni yeye aliyeona kwamba vijana wa vyuo vikuu walikuwa soko jipya na akaanza kuwauzia muziki ambao wenye vituo vya redio waliona ni wa wakulima tu. Vikundi vingi vya wakulima vina mtunza hazina wa aina hii, na havimlipi.

Udhamini una bei yake. Anayeimba kwa fedha ya msaga unga huenda ambako unga unauzwa, huamka saa unga unapotakiwa, na hachelewi. Lakini ukilinganisha na mgao wa mlangoni, mkataba wa Martha White ulikuwa mkataba wa kilimo wa haki kuliko mingi inayosainiwa leo.

Wawili, na hatari ya wawili

Kwa nini wawili? Sababu ya sanaa ipo, kwani sauti mbili za watu waliozoeana, hasa ndugu, hukaa pamoja kwa namna ambayo haifundishiki. Sababu ya fedha ni nyepesi zaidi. Bendi ya watu watano inahitaji gari kubwa na tela, vyumba vitatu, na kila dola inagawanywa mara tano. Wawili wanatosha katika gari dogo. Wakiwa mume na mke, au ndugu, wanatosha katika chumba kimoja.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mmoja akianguka biashara yote inasimama siku hiyo hiyo. Naomi Judd na binti yake Wynonna, waliojulikana kama The Judds, walikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kantri miaka ya 1980. Naomi akagundulika na ugonjwa wa ini, homa ya ini aina ya C, na mwaka 1991 wakafanya ziara ya kuaga. Ndugu wawili Charlie na Ira Louvin, waliolelewa kwenye familia ya wakulima wa pamba huko Alabama, walitengana mwaka 1963 baada ya miaka mingi ya ugomvi na ulevi wa Ira. Mwaka 1965 Ira alifariki katika ajali ya gari huko Missouri akitoka kufanya onyesho Kansas City. Flatt na Scruggs wenyewe waliachana mwaka 1969. Mmoja alitaka kubaki na muziki wa zamani, mwingine alitaka kupiga mambo mapya na wanawe. Kukaa kiti cha mbele cha gari na mtu mmoja kwa miaka 20 si jambo dogo, na hakuna mkataba wa ubia unaoweza kuliandika lote.

Bei isiyopanda

Mtu atauliza: je, nyimbo zilizorekodiwa haziwaletei fedha wakiwa wamelala? Zinaleta, lakini kidogo, na sheria imechangia. Mrabaha ambao mtunzi wa wimbo hulipwa Marekani kwa kila nakala ya CD au santuri hupangwa na bodi ya serikali. Mwaka 2006 ulifikia senti 9.1. Ukabaki senti 9.1 hadi mwisho wa mwaka 2022. Miaka 16 bei ya mkulima haikuguswa wakati petroli, hoteli na nyuzi za gitaa vikipanda. Mwaka 2023 ndipo uliposogezwa hadi senti 12.

Kwenye redio za kawaida za Marekani hulipwa mtunzi peke yake. Mwimbaji aliyeimba wimbo wa mtu mwingine hapati kitu, hata ukipigwa kutwa. Muswada wa kubadilisha hilo umefikishwa bungeni mara kadhaa, mwaka 2021, 2023 na 2025, na wamiliki wa redio wameupinga kila mara. Kwenye intaneti, wimbo ukisikilizwa mara moja huleta sehemu ndogo ya senti, na tangu 2024 mtandao wa Spotify haulipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa kwa mwaka.

Bidhaa ya namna hii husafiri mbali kuliko mwenyewe. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alifariki mwaka 1933 bila kukanyaga Afrika. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakiimba wimbo wao unaoitwa Chemirocha, jina lililotokana na lake, baada ya santuri zake kufika huko na gramafoni za wageni. Sifa zilivuka bahari. Fedha haikuzifuata.

Kununua mashine

Wapo wawili wa zama hizi walioamua kufuata njia nyingine. Gillian Welch na David Rawlings walikutana katika chuo cha muziki cha Berklee, Boston, wakahamia Nashville mwaka 1992. Albamu zao mbili za kwanza, ya 1996 na ya 1998, zilitolewa na kampuni ya Almo Sounds. Kampuni hiyo ilipofikia mwisho, hawakutafuta bwana mwingine. Walianzisha kampuni yao wenyewe, Acony Records, na kupitia hiyo wakatoa Time (The Revelator) mwaka 2001. Mwanzoni mwa muongo huo wakanunua pia Woodland, studio ya zamani ya Nashville ambayo wengine walikuwa wameiacha. Baadaye wakanunua hata mashine ya kuchongea santuri, na albamu yao ya 2011, The Harrow & The Harvest, haikutoka kwenye santuri hadi 2017, walipokuwa wameridhika na kazi ya mashine hiyo.

Kwa lugha ya shambani, wamemiliki shamba, ghala, kinu na gunia. Wanatunga nyimbo wenyewe, kwa hiyo mrabaha wa mtunzi ni wao. Wanarekodi kwao, kwa hiyo hawalipi pango la studio. Kampuni ni yao, kwa hiyo hawaanzi kila albamu wakiwa na deni la kampuni la kukatwa kwenye mauzo. Na barabarani wamebaki wepesi: watu wawili, vyombo vichache vya mbao, hakuna ngoma wala mitambo ya taa ya kujaza malori.

Mtaji huo ulitoka kwenye ziara za miaka mingi, na haukuja haraka. Faida yake kubwa haionekani kwenye hesabu ya mwezi. Inaonekana katika muda. Kati ya albamu ya 2003 na ya 2011 ilipita miaka minane bila albamu mpya kwa jina la Welch. Msanii aliyefungwa na kampuni angeshurutishwa kuvuna kabla ya wakati. Mwenye shamba anaweza kuliacha lipumzike.

Usiku wa kuamkia Machi 3, 2020, kimbunga kilipiga Nashville na kung'oa paa la Woodland. Welch na Rawlings walitumia saa nyingi gizani, maji yakimwagika kutoka juu, wakiokoa kanda, gitaa na mitambo. Siku chache baadaye Covid-19 ikafunga kumbi zote nchini. Yule aliyetegemea kiti cha usiku mmoja hakuwa na cha kuuza tena. Hawa walikuwa na kanda zilizookolewa. Mwaka huo huo walitoa nyimbo 48 zilizorekodiwa mwaka 2002 na kuwekwa kabatini, pamoja na albamu ya nyimbo za zamani waliyoirekodi nyumbani, All the Good Times, ambayo mwaka 2021 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa asili.

Kujenga upya jengo kulichukua miaka. Albamu iliyotoka Agosti 2024 waliipa jina la jengo lenyewe, Woodland, nayo ikapata Grammy kama hiyo Februari 2025. Kabla ya tuzo na baada yake walikuwa barabarani, mji baada ya mji, na meza ya santuri na fulana ikiwa mlangoni.